Wakisema "the proverbial", sindano usiitafute

Ukibeba boksi na Waingereza, kuna neno utalisikia ambalo shuleni wengi wetu hatukufundishwa: proverbial. Supavaiza wetu hapa Leicester, mtu wa mizaha, mzigo ukipotelea kwenye rafu za nyuma hunung'unika kwamba anatafuta "the proverbial needle in a haystack". Ghalani hamna sindano wala nyasi. Wana msemo wao wa sindano iliyopotea kwenye rundo la nyasi kavu, na neno hilo linakuambia: ni ile sindano unayoijua.

Ni kivumishi, hukaa kabla ya nomino, na mara nyingi hutanguliwa na "the". Asili yake ni Kilatini, proverbium, yaani methali: pro ni mbele, verbum ni neno. Waingereza wanalo tangu karne ya 15. Linaweza pia kumaanisha mashuhuri. Ukisoma kwamba ukarimu wa fulani ni proverbial, jua sifa zake zimevuma hadi watu wanamtolea mfano.

Mtaani wameligeuza tafsida. Mtu msumbufu ataitwa "a pain in the proverbial". Panapouma hapatajwi, ila kila mtu anajua ni makalio. Kwenye barua pepe ya kazini usithubutu.

Mimi kilichonishangaza ni kwamba wanalihitaji. Kwetu, binamu akija kusalimia akakaa mwezi mzima, mama anasema tu, "Huyu jembe lake liko wapi?" Hakuna anayeuliza jembe gani. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nusu inatosha, nyingine kila mtu anaimalizia kimoyomoyo. Waingereza nao wangeweza kuitaja sindano wakaishia hapo, na wengine hufanya hivyo. Lakini kwao msemo uliozoeleka sana huonekana uvivu wa kufikiri, na anayefundisha uandishi atakushauri uufute. Basi hulitanguliza neno hili kama anayebisha hodi: najua msemo umechakaa, niruhusuni niupitishe. Mzee wa kwetu anayesimama kwenye posa na methali tatu mfululizo hamwombi mtu radhi. Ndiyo kwanza watu wanasogeza viti karibu.

Ukitaka kulitumia, angalizo moja: usilibandike kwenye methali zetu. Mwambie Mwingereza "the proverbial hoe" uone atakavyokukodolea macho, maana neno hili linadai msikilizaji awe anaujua msemo tayari. Methali ya nyumbani wape nzima, kichwa hadi mkia. Hiyo ya jembe wanaipenda mno, hasa wale wenye mashemeji wanaokuja Krismasi bila kutaja siku ya kuondoka.