Hotuba ya Amiri Chini ya Ukuta

Somo: 2 Wafalme 18:13–19:7, 2 Mambo ya Nyakati 32:1–8

Wapendwa, juma hili tusome hotuba ya adui. Mwaka 701 K.K. Senakeribu, mfalme wa Ashuru, ingawa Hezekia, mfalme wa Yuda, alikwisha kumlipa talanta 300 za fedha na 30 za dhahabu, alimtuma amiri wake Yerusalemu. Wajumbe wa Hezekia walimsihi aseme Kiaramu, lugha ya wakuu. Akakataa, akapaza sauti kwa Kiyahudi ili askari walio ukutani wasikie.

Angalieni alivyoipanga. Alianza na ukweli: Misri ni mwanzi uliopondeka, yaani mshirika asiyetegemeka. Hata nabii Isaya alikuwa amewaonya wasiitegemee. Akishaaminika, akapotosha: Hezekia kuziondoa madhabahu za mahali pa juu, kazi ya kuitakasa ibada, kukageuzwa kuwa kosa mbele za Bwana. Ikafuata kejeli, nitawapa farasi 2,000 mkiwa na watu wa kuwapanda. Kisha akajifunika jina la Mungu, kwamba Bwana ndiye aliyemtuma. Mwisho ahadi: kila mtu atakula matunda ya mzabibu wake na mtini wake. Mwenye njaa husikia mtini tu. Aya ya 32 inasema hayo yatadumu mpaka atakapokuja kuwahamisha. Utumwa umefichwa katikati ya zabibu na asali.

Mbinu hizi hazijazeeka. Tarehe 18 Februari 1943, majuma mawili hivi baada ya Wajerumani kusalimu amri Stalingrad, Goebbels, waziri wa propaganda wa Hitler, aliuliza umati ukumbini Berlin maswali 10, likiwemo kama wanataka vita kamili. Wakaitika kwa vifijo. Lakini walikuwa wamechaguliwa, na redio ikasambaza kelele zao kama sauti ya taifa zima. Ukisikia makofi, uliza nani alialikwa. Churchill, waziri mkuu wa Uingereza, 13 Mei 1940, alitanguliza gharama: damu, taabu, machozi na jasho. Hiyo nayo ni mbinu (tusimfanye mtakatifu), ila msikilizaji alijua anachokubali.

Hezekia aliziba chemchemi, akajenga ukuta uliobomoka, akafanya silaha na ngao tele, ndipo akahutubia. Maneno yake ni aya mbili tu. Aliamuru pia amiri asijibiwe, na watu wakanyamaza. Kubishana pale kungempa amiri nafasi ya kusema zaidi, na hofu ingeenea ukutani. Mfalme aliyapeleka maneno yale nyumbani mwa Bwana, akatuma wazee wakamwombe Isaya awaombee waliosalia.