Nilivyojifunza kupiga solo za jazz kwa nyuzi mbili

Ukiuliza namna ya kuanza kupiga solo za jazz kwenye gitaa, jibu ni lile lile: kariri skeli, yaani ngazi za nota. Skeli kubwa, skeli ndogo, modi zote saba (ngazi ile ile ikianzia nota nyingine), kwa ki zote 12 (nota 12 za kuanzia ngazi), kuanzia kichwa cha gitaa mpaka tumboni. Nimefanya hivyo, tena kwa bidii ya mtu aliyelipia ada. Nasema bila kumung'unya maneno kwamba ushauri huo ulinila karibu mwaka, na wengi walionipa sijawahi kusikia solo yao hata moja ikaeleweka.

Niko Moshi, Majengo. Mchana nauza misumari na saruji kwenye duka la vifaa vya ujenzi, wikiendi napiga gitaa la rizimu kwenye send-off na harusi. Rumba, zouk, injili, chochote ambacho kamati imelipia. Kisha jamaa mmoja wa Arusha, mpiga kinanda, akanichukua kwenye kikundi chake kinachopiga hotelini. Wageni wanakula, sisi tuko pembeni na jazz ya taratibu. Kwenye kodi, zile nota kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, sikuwa na wasiwasi, na hata leo sioni wa kunitisha. Kasheshe ni pale kiongozi anapokugeukia na kutikisa kichwa: zamu yako, piga solo.

Nilipomwambia baba mdogo kwamba sasa napiga jazz alifurahi mno. "Kama Morogoro Jazz!" Kwa wazee wetu jazz ni jina la bendi: Morogoro Jazz, Western Jazz, Tabora Jazz, hata Arusha Jazz waliyopitia akina Wilson na George Peter kabla hawajavuka kwenda Kenya na kuwa Simba Wanyika. Muziki wenyewe ulikuwa rumba zaidi kuliko jazz ya Marekani, lakini sikumbishia. Msikilize Mbaraka Mwinshehe, mpiga gitaa wa Morogoro Jazz, anavyoingia na kutoka kwenye solo, anavyokuachia nafasi ya kumeza mate, halafu uniambie hakuna cha kujifunza pale.

Basi nikakariri skeli. Nilichora shingo ya gitaa kwenye kadibodi ya boksi la vigae kutoka dukani, nikatia nukta za rangi, modi moja rangi moja. Kadibodi ikakaa ukutani mpaka mke wangu akauliza kama ni ramani ya kiwanja. Vidole vikawa vyepesi kweli. Usiku mmoja pale hotelini tukapiga blues ya F, ile inayozunguka kila vipimo 12 vya mapigo manne, na kiongozi akatikisa kichwa. Nikapanda skeli. Ikaisha. Nikashuka nayo. Ikaisha tena, na vipimo bado vipo. Nikapanda kwa kasi zaidi nikidhani kasi ndiyo iliyokosekana. Mahali fulani kodi ilibadilika, mimi sikuwa na habari, nikaendelea kukimbia peke yangu. Wakati wa mapumziko mpiga besi, mtu mzima asiyependa maneno, akanisogelea na soda yake mkononi. "Dogo, kule juu ulikuwa unatafuta nini?"

Kiongozi naye akanishauri niongeze modi. Hapo ndipo nilipoacha kumsikiliza kwa habari za solo. Kwa habari za malipo bado namsikiliza.

Skeli inakuonyesha nota zilizopo. Kodi inapogeuka, haikuambii ni nota ipi iliyoleta mgeuko huo, na msikilizaji anasubiri hiyo hiyo. Kwenye jazz kazi hiyo inafanywa na nota mbili za kila kodi, ya tatu na ya saba ukihesabu kutoka nota inayoipa kodi jina. Nilishalisoma hilo mahali nikatikisa kichwa na kupita. Vidole vyangu vilikuwa vimeshazoea njia yao: nikigusa uzi wa sita tu, ule mnene, vinakimbia hadi wa kwanza vyenyewe, mimi nimekaa natazama.

Kisha uzi wa kwanza ukakatika. Moshi siku hiyo nilikuta nyuzi za nailoni tu, na langu ni gitaa la umeme, linataka za chuma. Seti kamili Arusha ilikuwa elfu ishirini na kitu, na mwisho wa mwezi ulikuwa mbali. Nikasema potelea mbali, nikafungua na nyingine, nikabakiza uzi wa tatu na wa nne peke yake. Vidole havikuwa na pa kukimbilia.

Anza na ki ya C. Kodi ni Dm7, kisha G7, kisha C meja 7. Weka kidole uzi wa nne freti ya 3 (freti ni vile vyuma vilivyokata shingo ya gitaa), hiyo ni F, na kingine uzi wa tatu freti ya 5, hiyo ni C. Umeshapata ya tatu na ya saba ya Dm7. Kwenda G7, F inabaki ilipo, C inashuka freti moja inakuwa B. Kwenda C, sasa B ndiyo inayotulia, na F inashuka freti moja kuwa E. Yaani umetembea kodi tatu kwa kusogeza kidole kimoja kimoja, freti moja moja. Nilivyoligundua hilo kwa mikono yangu, nilipiga mzunguko ule ule mpaka chakula kikapoa. "Baba Neema, huo wimbo hauna mwisho?" Hauna, mke wangu.

Blues ya F ni tamu zaidi. F7 inakaa freti ya 1 uzi wa nne na freti ya 2 uzi wa tatu. Kwenda Bb7 zote mbili zinashuka freti moja: uzi wa nne unabaki wazi, wa tatu unakuja freti ya 1. Sisi tuliokulia kwaya ya kanisani tuna bahati hapa, maana solfa, ile do re mi, tunayo kichwani tangu utoto. Mi inashuka kuwa ma, ta inashuka kuwa la. Basi. Ukiweza kuimba mi‑ma na ta‑la mahali pake bila gitaa, umeshaanza kupiga solo ya blues, hata kama hujui modi inaitwaje. Na usikubali mtu akuambie lazima kwanza usome nota za kwenye mistari mitano. Wes Montgomery, mpiga gitaa mkubwa wa jazz wa Marekani, hakuwa anazisoma. Alijifunza solo za Charlie Christian, mpiga gitaa aliyemtangulia, kwa sikio, nota kwa nota.

Kwa wiki kadhaa sikujiruhusu kitu kingine. Nota moja kwa kila kodi, ya tatu tu. Baadaye ya saba tu. Kisha nikaanza kuichokoza, nagusa freti moja chini yake kwanza, au nazunguka juu na chini ndipo natua. Kutua kwenyewe kuwe kwenye pigo la kwanza la kodi mpya. Hapo usijionee huruma.

Nyumba yetu ni ya wapangaji, ukuta mmoja, kwa hiyo usiku sichomeki spika, na napiga kwa dole gumba badala ya plektra, kile kidude cha kuchapia nyuzi. Mpangaji mwenzetu alikuwa ameshaanza kukohoa kile kikohozi cha kumwambia mtu kitu. Wes huyo huyo alianza kutumia dole gumba ili asisumbue watu na mazoezi ya usiku, na sauti yake laini kila mtu anaijua. Yangu haijafika huko, ila kikohozi kimekwisha.

Baba mdogo hupiga tarumbeta kanisani miaka nenda rudi. Jumapili moja alinikuta uani nafanya mazoezi. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akakaa, akasikiliza hadi nikaanza kuona aibu.

"Mwanangu, huyu mtu unayempiga hapumui?"

Mpiga tarumbeta pumzi ikikata, sentensi imekwisha, apende asipende. Sisi wa gitaa tunaweza kumwaga nota hadi asubuhi. Tangu siku hiyo napiga huku natoa pumzi. Ikiisha, mkono unasimama, navuta hewa, naanza kauli nyingine. Ukifanya vizuri watu wanakusifu kwa ukomavu, wakati umetafuta hewa tu.

Nyuzi zote sita ziliporudi, nilirekodi kwenye simu kodi za blues ya F, mizunguko mingi mfululizo, nikawa nazisikiliza njiani. Moshi hadi Arusha ni kilomita 80 hivi, na Coaster inakula saa moja na nusu au mbili kutegemea tamaa ya konda.  Napenda siti ya dirishani nyuma, earphone masikioni, naimba chini chini. Moshi hadi Boma Ng'ombe naimba ya tatu tu ya kila kodi. Boma hadi njia panda ya uwanja wa ndege wa KIA, ya saba. Nikishapita Kikatiti najiruhusu kuunganisha, na kuanzia Maji ya Chai naimba chochote kinachokuja, mradi nitue mahali pake. Usa River nanyamaza, nasikiliza tu. Tengeru huwa nimechoka.

Siku moja, nadhani nilikuwa nimefumba macho, mama aliyekaa pembeni akanigusa bega.

"Bwana asifiwe, mwanangu."

"Amina, mama."

"Endelea hivyo hivyo. Vijana wa kuomba safarini siku hizi hawapo."

Nikaendelea. Ningemweleza nini, blues ya F?

Metronomu, kile kifaa cha kugonga mapigo, sina mengi. Iweke mapigo 50 kwa dakika, ule mlio uuhesabu kama pigo la pili na la nne, mwendo wako unakuwa 100. Mwanzoni mguu unateleza unaukuta mlio uko la kwanza na la tatu. Simama, piga makofi ya pambio, ingia upya. Programu ni za bure. Mwenye kukuuzia kozi ya metronomu muache aende zake.

Jirekodi pia. Sipendi kukuambia hivyo kwa sababu inauma, lakini sikiliza kesho yake, sio usiku ule ule. Usiku kila solo ni nzuri.

Siku hizi napewa mizunguko miwili, wakati mwingine mitatu, na mpiga besi anabaki na mimi hadi nimalize sentensi. Kiongozi ameniuliza ninafanya mazoezi ya nini. Nilipomwambia afungue nyuzi nne alicheka, ni mpiga kinanda, ana sababu.

Wewe mwenye gitaa, ukitaka kujaribu, fungua polepole na utyuni mara kwa mara, maana mvutano ukipungua shingo inajipinda kidogo na nyuzi zilizobaki zinahama sauti. Ulizofungua zikunje vizuri uziweke bahashani, zitarudi kazini. Kama gitaa lako ni la daraja lisilofungwa kwa skrubu, lile linaloshikiliwa na nyuzi zenyewe, usifungue kabisa, litakuhama. Ziache zote sita, uape kutogusa nyingine. Utaiba kidogo. Mimi ningeiba.