Dola 240 kwa ajili ya breka inayojizima yenyewe

Jamani watu wa Tanga leo niacheni nilalamike, nimelipishwa dola 240 na fundi umeme ambaye hata saa moja hakumaliza hapa kwangu Columbus, Marekani, chai kakataa, stori hana. Hela hiyo Ngamiani fundi anakutandazia waya vyumba vingapi?

Chanzo breka, ile swichi ya usalama kwenye boksi la umeme, ya chumba cha mtoto. Wife akiwasha mashine ya kunyonya vumbi tu, pa, imekata. Unairudisha, inakaa, kesho yale yale. Hizi siyo zile tulizozoea zinazokata mzigo ukizidi au waya zikipiga shoti. Wanaziita AFCI, zina elektroniki ndani inayochungulia umeme unavyopita, ikihisi cheche za waya uliolegea au kuchubuka inazima. Cheche hizo zinaunguza nyumba huku breka ya kawaida imetulia tuli, maana amp 15 hazijapita, na ile ya earth leakage mnayofunga siku hizi inaangalia umeme unaovuja kwenda ardhini tu, cheche za hivi haizioni.

Sasa mota zenye brashi, kama ya hiyo mashine au drili, nazo zinatoa cheche za kawaida, basi breka nyingine zinachanganyikiwa. Wamarekani wenyewe wanazitukana, ziliingia kwenye kanuni zao za umeme toleo la 1999, vyumba vya kulala zikawa lazima 2002, toleo la 2008 likazipeleka mpaka sebuleni. Ya kawaida dola kama 10, hii inafika 50!

Nikamwambia fundi toa hii weka ya kawaida, kagoma, anaogopa leseni yake. Akafungua soketi nyuma ya kitanda. Waya ulichomekwa tu kwa nyuma, skrubu haijaguswa, plastiki imegeuka kahawia na ukiigusa inapukutika. Mtoto analaza kichwa hapo hapo. Nikanyamaza. Ila 240 bado naita wizi.

Mnaosomea umeme VETA, kazi huku ipo na inalipa, ila cheti chako hakikupi leseni, kila jimbo na mji una sheria zake, wengi wanaanza uanagenzi wa miaka 4 mpaka 5. Usije ukidhani unashuka uwanja wa ndege na bisibisi yako.

Mjomba wa Makorora kusikia hivyo anataka nimtumie breka mbili kama hizi kwa nyumba ya mama. Hazifai, huku volti 120, kwetu 230, na hata kwenye reli ya boksi zetu hazikai. Za 230 zipo, Ulaya wanaziita AFDD, muulizie hizo. Lakini kule kwa mama jointi zote juu ya dari zimesokotwa kwa mkono na kuviringwa selotepu nyeusi, na hewa ya chumvi ya pale inakula shaba kila siku, utaanzaje na breka? Nimemwambia hela ya breka nimeigeuza ya konekta za kuungia waya, na nataka picha ya kila jointi WhatsApp kabla sijatuma ya ufundi. Kanuna, hajibu meseji tangu jana.