Kigelegele cha Calton Hill

Jana usiku binti yangu alinisukumia daftari lake mezani. Zoezi lilitaka ataje majira manne ya mwaka. Matatu alikwishayaandika, akakwama kwenye lile wanaloliita la kuchipua. "Mama, hapa kwetu kuchipua ni mwezi gani?" Nikatazama nje, kana kwamba mwembe wa jirani ungenisaidia. Mwembe ule huchipua unapojisikia. Nikamwambia aandike masika, tulale.

Yeye alilala.

Mimi kwa mawazo nilikuwa nimerudi Edinburgh, Uskoti, ule mwaka wa koti la kuazima. Nilifika Septemba 2013 nikidhani baridi ndiyo itakayonitesa. Wapi! Baridi unaivalia. Kilichonishinda ni jua. Ilipofika Desemba lilikuwa linazama saa tisa na dakika arobaini, Adhuhuri na Alasiri na Magharibi zinasukumana mlangoni, ukichelewa kidogo tu maktaba umeshazipoteza. Huku Unguja mwaka mzima Magharibi haisogei hata saa nzima. Unaweza kuzeeka bila kujua kwamba jua nalo ni kiumbe wa kutiliwa wasiwasi.

Nilikuwa nafanya zamu za usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Mwenzangu wa zamu alikuwa mama wa Kiskoti, wa miaka sitini na kitu, anayegeuza wagonjwa kitandani kana kwamba anapanga mayai. Usiku mmoja, kwenye saa tisa, tunakunywa chai, nikamuuliza anasali kanisa gani. Akasema hasali kanisani, yeye ni mchawi. Alisema kwa Kiingereza, witch, tena kwa sauti ya mtu anayekwambia mimi ni fundi cherehani. Neno lile kwao wenyewe wamelifua, wakalianika, wakalivaa upya. La kwetu halijafuliwa. Mchawi ninayemjua mimi anawanga, na saa tisa ya usiku ndiyo saa yake, na mimi niko naye peke yetu kwenye ukumbi mrefu, wazee wote wamelala. Nilisoma Ayatul Kursi mpaka alfajiri.

Zamu iliyofuata akaniletea soksi za sufu alizofuma mwenyewe. Nilifikiri sana juu ya zile soksi. Halafu nikazivaa, maana miguu ilikuwa inauma.

Yeye ndiye aliyenifundisha sikukuu nane za dini yao hiyo ya uchawi, huku tunakunja mashuka. Samhain mwisho wa Oktoba, ya kukumbuka wafu. Yule, ndilo jina lake hasa, Desemba, siku jua linapofika mwisho wa kuchoka kwake na kuanza kugeuka. Imbolc mwanzo wa Februari, kondoo wakiwa karibu kuzaa. Ostara, usiku na mchana wakiwa sawa. Beltane, tarehe 1 Mei. Litha, Juni, mchana mrefu kuliko yote. Lughnasadh, Agosti, mavuno ya kwanza. Mabon, Septemba, usiku na mchana sawa tena. Gurudumu la Mwaka, wanaliita. Nilichompendea ni kwamba hakunidanganya kuwa gurudumu lote limetoka kwa mababu. Nne kati ya hizo ndizo za zamani za Waselti. Kuziunganisha na zile za jua zikawa nane ni kazi ya miaka ya 1950 hivi, ya kina Gerald Gardner, aliyeieneza dini hiyo, na wenzake, baada ya Uingereza kufuta sheria yake ya uchawi mwaka 1951. Huyo Gardner alikuwa ofisa forodha mstaafu wa Malaya. (Watu wa forodha! Hakuna wasichopitisha.) Na jina la Mabon lilibandikwa na Mmarekani mmoja miaka ya 1970. Sikukuu changa kuliko mjomba wangu.

"Kwa hiyo ni ya kubuni?" nikamuuliza.

"Kiza si cha kubuni," akanijibu, akavuta shuka lingine.

Beltane yenyewe, akaniambia, zamani huko Ireland waliwasha mioto miwili wakapitisha ng'ombe katikati kabla hawajawapeleka malishoni, wapate kinga na maradhi. Yeye hana ng'ombe. Huweka taa mbili za mishumaa kwenye yadi yake ndogo, akamwita mbwa apite. Mbwa hupita kwa sababu ng'ambo ya pili kuna biskuti. Hiyo ndiyo ibada yake. Ile Beltane ya Calton Hill, kilima cha pale pale Edinburgh, alisema, ni maonyesho ya vijana, wameyaanza 1988, wala wengi wao si watu wa dini yake. Magoti yake hayapandi kilima. "Lakini wewe nenda. Umeishi gizani mwaka mzima."

Nikakata tiketi. Tarehe 30 Aprili 2014, Jumatano, mkesha wa Beltane.

Kilimani pale juu kuna jengo la nguzo kumi na mbili na hakuna zaidi. Walitaka kuiga Parthenon, hekalu la kale la Athens, wakaanza 1826, ilipofika 1829 fedha zikaisha. Wenyeji wanaliita aibu ya Edinburgh. Mimi nililiona la kawaida kabisa, najua watu wangapi walioishia kwenye lenta. Maelfu tulikuwa tumejazana majanini, upepo unatoka baharini, mtandio wangu nimeuzungusha mpaka puani. Jua lilizama karibu saa tatu ya usiku. Tukasubiri.

Kilichotangulia kunifikia hakikuwa moto, ilikuwa harufu. Mafuta ya taa. Mienge ilikuwa imelowekwa mafuta ya taa, na upepo ule wa baharini ukaileta harufu yote usoni kwangu, nami nikawa si mwanafunzi tena, niko jikoni kwa Bibi, Makunduchi, umeme umekatika, Bibi anajaza koroboi na kunigombeza nisisogee. Halafu ngoma zikaanza. Mwenge mmoja, miwili, nguzo zote zikawaka kwa nyuma, na katikati akatokea Malkia wa Mei, mweupe toka juu mpaka chini, anatembea polepole kama bibi harusi anayejua anatazamwa. Nyuma yake yule Mtu wa Kijani, majani kichwani, amebeba baridi yote ya mwaka mgongoni. Na pembeni watu wekundu, wamejipaka rangi mwili mzima, karibu uchi katika baridi ile, wanaruka, wanapiga makelele, wanawasumbua waliovaa nguo.

Nitaruka mengi, maandamano yenyewe yalikuwa marefu na vidole vya miguu vilikuwa vimekufa. Ilipofika zamu ya yule wa Kijani, akanyosha mkono akamgusa Malkia. Haikutakiwa. Wanawake weupe wa Malkia wakamzunguka, wakamuua. Ngoma zote zikakatika. Watu maelfu, na nikasikia bendera ya mtu inapigwa na upepo. Wakamvua yale mavazi mazito, moja moja, bila haraka, mwili umelala chini. Sijui kilidumu muda gani kimya kile. Mbele yangu alikuwa baba mmoja amembeba mtoto mabegani, na mtoto akauliza kwa sauti kama amekufa kweli. Hakuna aliyemjibu. Halafu Malkia akainama, na yule akainuka, mwepesi, ametupa uzee wote pale majanini, na ngoma zikarudi kwa mara moja.

Nami nikapiga kigelegele.

Sikukusudia. Nilikuwa nimeziba mdomo kwa mtandio, mtandio ukashuka, ulimi ukaenda wenyewe, kile cha Kikae hasa, cha Makunduchi, kirefu, cha arusini. Wenzangu pale hawana kitu hicho. Wao wakifurahi husema wuu. Vichwa vikageuka safu tatu mbele. Mtoto wa mabegani akanitazama kwa hofu. Na mtu mmoja mwekundu, mwenye ngoma begani, akanitafuta kwa macho mpaka akanipata, akaipiga ngoma yake mara tatu kunielekea, kama mtu anayejibu salamu. Nikampigia cha pili. Hicho siwezi kusema kilinitoka.

Wakawasha moto mkubwa. Nikarudi kwa miguu, mtandio unanuka moshi, na njia nzima namsikia Baba.

Baba, Mwenyezi Mungu amrehemu, hakutaka hata kulisikia jina la Mwaka Kogwa, sikukuu ya mwaka mpya ya Makunduchi. Kila Julai watu wanashuka Makunduchi, wanaume wa kusini na wa kaskazini wanapigana kwa migomba wamalize kinyongo cha mwaka, wanawake wanaimba ya kuimbika na yasiyoimbika, kibanda cha makuti kinatiwa moto na mtu yumo ndani, anatoka mbio kukimbilia kichakani. Baba alisema ushirikina, basi. Mama, mzaliwa wa huko huko, alinyamaza akaendelea kuchambua mchele. Sisi tulibaki mjini. Wazungu wanapanda ndege kuja kuutazama Mwaka. Mimi, wa nauli ya daladala, mpaka usiku ule nilikuwa sijaukanyaga uwanja ule. Na kigelegele cha Bibi nilikwishakimwaga juu ya kilima cha watu, kwa ajili ya kijana aliyevaa majani.

Nilikuwa naabudu? Nilijiuliza njia nzima. Yule mwenzangu alisema si ibada, hata kwa wenye ibada yao. Kigelegele cha kwanza najitetea. Cha pili bado.

Asubuhi nikampigia Bibi, kwa simu ya binamu yangu, maana kwa Mama nisingethubutu. Nikamweleza yote, Malkia, wale wekundu, aliyekufa akafufuka, moto, hata kigelegele. Nilikuwa nangoja anikemee au acheke. Mtandao ulikuwa unakatika, nikadhani nimempoteza.

"Moshi ulielekea wapi?" akauliza.

Makunduchi moshi wa kibanda husomwa, ulikoelekea ndiko mwaka ulikoelekea. Nikamwambia sikutazama.

Akaguna.

"Sasa mjukuu wangu, kule ulikwenda kufanya nini?"