Peintiboli kwa manati, jamani ijaribuni

Yani wikiendi hii tumecheza peintiboli, ule mchezo wa kulengana kwa vidonge vya rangi, ila bila bunduki, kila mtu na manati yake ya mpira wa tyubu na vile vidonge vya rangi vya kama milimita 17, na nawaambia ni tamu kuliko bunduki maana huwezi kumwaga risasi ovyo, lazima utulie, uvute, upime ndo uachie. Ila usikibane kidonge sana, ganda lake ni jelatini linapasukia mkononi. Waliozoea kuwinda ndege utotoni walitumaliza haswa!! Binamu yangu kajibanza nyuma ya mwembe anatupiga kimya kimya hata hujui imetokea wapi. Rangi yenyewe inatoka kwa maji tu. Ila miwani ya kukinga macho usivue hata sekunde, hapo sitanii kabisa.