Siku moja maishani mwangu: leza iliyokuwa ikififia

Saa 1 asubuhi. Nafungua kibanda changu cha kutengeneza redio na simu. Hapa Busia, upande wa Uganda, malori yamepanga foleni tangu usiku, na kabla sijamaliza kukunja turubai mama chapati ameshaniita. Kikomando, yaani chapati ya kukatwakatwa na maharage, na chai, nala nimesimama. Umeme upo, basi nachomeka simu za watu harakaharaka, maana hujui utakatika saa ngapi.

Saa 2. Redio mbili na subufa moja. Redio zilikuwa swichi tu. Subufa nimeiweka chini ya meza, ile ina kesi yake.

Saa 3 na nusu. Anaingia mwalimu wa fizikia na mwanafunzi wake. Kijana ameshika kipande cha bomba la maji, ndani kuna leza aliyoitengeneza mwenyewe: diodi nyekundu, kile kijipande kinachotoa mwanga, aliyoing'oa kwenye draivu mbovu ya kuandikia DVD, rezista moja ya kuzuia umeme usipite mwingi, na chaja ya simu.

"Anko, inawaka vizuri dakika moja, halafu inafifia. Ikipoa inarudi."

"Ilipofifia ulifanyaje?"

"Nilipunguza rezista ipate nguvu."

Alianza na rezista ya omu 22, akafika 10; omu zikipungua, umeme unapita mwingi zaidi. Hapo nikajua tunaanzia wapi.

Kabla ya kuwasha nililigeuza bomba likatazama tofali lenye masizi, nikawaambia wote wakae nyuma yangu. Kalamu ya leza ya kawaida huwa chini ya miliwati 5. Diodi ya kuandikia DVD inaweza kupita 100. Jicho hupepesa kwa robo sekunde hivi, na kwa nguvu hiyo robo sekunde ni kuchelewa. Mwalimu alirudi nyuma hatua mbili. Kijana alirudi nusu.

Nikaunga rezista ya omu 1 kwenye njia ya umeme. Ni ujanja wa zamani: kwa omu 1, kila milivolti unayoisoma ni miliampea moja. Mita ikasoma 247, halafu ikaanza kupanda pole pole huku mwanga ukishuka. Kijana akashangaa, umeme unaongezeka na mwanga unapungua?

Ndivyo ilivyo. Diodi ya leza si balbu. Chini ya kiasi fulani cha mkondo hutoa wekundu hafifu tu, kama taa ya redio; ikivuka hapo ndipo inakuwa leza. Na mpaka huo hausimami, diodi ikipata joto unasogea juu. Diodi ikichemka inaanza kuufukuza mpaka unaoikimbia, wewe unaiongezea umeme, inachemka zaidi. Plastiki ya bomba ilikuwa inaifunika kama blanketi. Tena alikuwa ameigandisha kwa supagluu, na moshi wa ile gundi ulikuwa umeacha ukungu mweupe kwenye lenzi. Nusu ya mwanga ilikuwa inaishia hapo hapo.

Saa 5. Natengeneza kidhibiti cha umeme kwa LM317, kifaa kidogo cha miguu mitatu kinachoshikilia mkondo usipande. Hesabu yake haichoshi: 1.25 gawa kwa omu za rezista yake, unapata ampea. Omu 18 inakupa kama miliampea 69. Lakini volti 5 za chaja hazitoshi, LM317 yenyewe inakula karibu volti 3 pamoja na rezista yake. Nikatoa betri mbili nzima kwenye pakiti ya laptopu iliyokufa, nikaziunga mfululizo, zikanipa 7.4. Sijaribu kwenye diodi yenyewe kwanza. Naweka diodi nne za kawaida zisizotoa mwanga, 1N4007, mfululizo mahali pake. Zikiungua, ni hasara ya chai.

Saa 5 na dakika 40 umeme ukakatika. Chuma cha kuchomelea kikapoa mkononi. Posho, yaani ugali, na maharage, stori za mpakani, usingizi kidogo.

Saa 8 umeme ukarudi, na mimi nikafanya la aibu. Nilichukua alumini yenye mapezi ya amplifaya ya zamani ili ipooze diodi, nikatoboa tundu la diodi, nikapaka grisi nyeupe, nikafunga na LM317 hapo hapo. Nikawasha. Giza. Nikagusa LM317 na kidole kikaniambia. Bati la nyuma ya LM317 ni mguu wake wa kutolea umeme, na kasha la diodi hii limeungana na hasi. Alumini moja, shoti moja. Bahati LM317 hujizima yenyewe ikichemka. Nikaweka chini yake kipande cha maika, kinachozuia umeme lakini kinapitisha joto, na kikombe cha plastiki kwenye skrubu. Miaka yote hii kwenye amplifaya, na bado.

Saa 10. Kwa rezista ya omu 22 kwenye LM317, wekundu hafifu tu. Kwa 18, doa likakaza ghafla kwenye tofali, likajaa chembechembe zinazochezacheza kama mchanga kwenye maji. Hiyo ndiyo leza. Dakika 20, mita haikusogea, alumini vuguvugu kama kikombe cha uji. Sina kipimo cha miliwati, kwa hiyo nimeiskrubu kwenye ubao, na mbele yake nimeweka kopo lililopakwa rangi nyeusi. Haishikwi mkononi.

Saa 11. Mwalimu amelipa. Kijana anaikagua alumini kwa kidole.

"Anko, na ile diodi ya draivu ya Blu-ray?"

"Maliza mtihani kwanza."

Nyuma yao amesimama mwenye subufa. Sijaigusa.