Folda 23 zilizoichelewesha programu yangu

Ofisi ya uwakala wa forodha iliyo karibu na bandari ya Kilindini ilinikabidhi programu ya Python ya kutayarisha hati za mizigo, ambayo kila asubuhi ilikaa karibu sekunde 40 kabla ya kufungua dirisha lake. Karani mkuu akishaibonyeza huenda zake kununua mahamri, na akirudi huniambia, "Mwanangu, hii bado inapiga miayo."

Kwanza niliishuku hifadhidata, nikapoteza siku mbili bure. Siku ya tatu niliiendesha programu kupitia strace, chombo cha Linux kinachoandika kila ombi ambalo programu hulipeleka kwa kiini cha mfumo, nikaona maelfu ya mistari ya kuulizia hali ya folda zile zile, karibu zote zikiwa katika seva ya chumba cha pili.

Nilipochapisha sys.path, yaani orodha ya folda ambamo Python hutafuta moduli (mafaili ya msimbo inayoyahitaji), ndipo fumbo lilipofumbuka. Mtangulizi wangu alikuwa ameweka folda 23 za seva katika PYTHONPATH, mpangilio wa kuongeza folda kwenye orodha hiyo, nazo hutangulia maktaba ya kawaida inayokuja na Python, kwa hiyo hata json, moduli ya maktaba hiyo iliyomo ndani ya mashine yenyewe, ilitafutwa kwanza katika folda zote hizo. Tangu toleo la 3.3, Python huhifadhi orodha ya majina yaliyomo katika kila folda ili isiisome folda upya kwa kila moduli. Ni ubunifu mzuri, ila kabla ya kuiamini orodha hiyo huuliza kwanza folda ilibadilishwa lini mara ya mwisho. Swali hilo katika diski ya karibu halina uzito, lakini likivuka mtandao wa ofisi, tena mara 23 kwa moduli moja, na moduli ni mamia, hugeuka foleni ya kivuko cha Likoni. Moduli ikishapakiwa hubaki katika sys.modules, orodha ya moduli zilizokwisha kupakiwa, wala haitafutwi tena, na ndiyo maana programu ikishafunguka haikusumbua tena. Hilo lingenizindua mapema.

Sikugusa hata mstari mmoja wa msimbo. Niliunda mazingira ya pekee ya Python katika diski ya mashine, nikasakinisha humo vifurushi vilivyotumika kweli, navyo vilikuwa 9 tu, kisha nikaifuta PYTHONPATH. Dirisha sasa hufunguka kwa sekunde 3. Violezo vya hati nimeviacha kwenye seva, kwa kuwa hurekebishwa na ofisi nzima, na programu huvifungua kwa anwani kamili bila kutafuta.